Ngoja Nivae Shati

Walimwita Komeo, maana alipokuwa beki wa kati hapiti mtu. Miaka yote timu moja, jezi namba tano. Magazeti yalipiga picha za wafungaji. Yeye alitokea pembeni, kisogo au mguu. Mkewe alizikata hizo hizo, akazibandika ukutani jikoni. "Huu mguu wako," alisema. "Naujua kwa soksi iliyoshuka."

Goli alifunga moja tu maishani, na alijifunga. Kipa alisema "Wangu!", yeye akaruka, kichwa, wavuni kwao. Hawakusemeshana mpaka mkewe alipowakalisha meza moja, akawapakulia sahani moja na kijiko kimoja.

Goti lilipogoma, timu ikampa mkono wa kwaheri. Akapata kazi ya ulinzi, kiwanda cha sabuni. Kipa alicheka mpaka akapaliwa. "Nimedaka miaka yote hii, halafu lango wamekupa wewe."

Uwanjani, mpinzani akikujia kwa nyuma, mwenzako anakupigia kelele: "Mtu!" Neno hilo mkewe alilileta nyumbani. Akimwona mgeni kutoka kiti chake cha dirishani, "Mtu!" Naye Komeo, mzee wa kushinda kifua wazi, hujibu, "Ngoja nivae shati."

Mke alifariki msimu wa mvua. Watu wakaja bila kutangazwa, wakamkuta na fulana iliyotoboka, macho mekundu. Akaona bora asifungue. Mtu akibisha, alikaa kitandani kimya mpaka nyayo ziishe. Chai alikunywa amesimama.

Kipa alikuja kila Jumamosi, akabisha, akaenda zake. Jumamosi hii hakuenda.

"Komeo. Mwanangu anakuja kunichukua kesho. Nahamia kwake, mbali. Kurudi sirudi, miguu hii unaijua."

Akabisha tena.

"Nimekuja kuaga, ndugu yangu. Siwezi kuagana na mbao."

Komeo alishika ukingo wa kitanda. Goti lilikuwa tayari. Moyo ndio uligoma. Huko nje kipa akaanza kujikokota kushuka ngazi. Kisha akasimama, akaitoa sauti ile ya golini, imekwaruza sasa.

"Mtu!"

"Ngoja nivae shati," Komeo akajibu.

Jibu lilikwisha kutoka. Akageukia dirishani. Pazia limetulia. Kiti kitupu.

Nje, kicheko. "Kumbe upo. Miezi yote hii unaatamia nini humo?"

Akavaa shati, vifungo vikaenda upande. Akafungua.

Walikaa jikoni. Komeo akamimina chai. Kipa akasogeza uso ukutani.

"Kisogo hiki wewe?"

"Mimi."

"Na huu mguu?"

"Huo wako."

Kipa akautazama tena. "Wangu?"

"Alikosea. Sikumwambia."

Kipa akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wa shati. Chai yake aliimaliza yote. Mlangoni wakashikana mikono, wakachelewa kuachiana.

Komeo alikwenda kwenye kiti cha dirishani. Hakuwahi kukikalia. Akakaa, akamfuata rafiki yake kwa macho mpaka akapotea konani. Barabara ikabaki tupu. Baadaye jirani wa nyumba ya pili akatokea, kashika bakuli lililofunikwa, anaelekea kwake.

"Mtu," Komeo akasema taratibu.

Hakuna aliyejibu. Shati alikuwa nalo mwilini. Akainuka.