Jiko Lisilotoa Moshi

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimetoka Ruiru kuolewa hapa Thika. Tulikaa chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi: mimi, mume wangu aliyefanya kazi kiwandani, na Kamau wetu wa miezi mitano.

Kwetu tulipikia mafiga, na moshi tuliujua. Ukikuuma macho, unatoka nje. Basi mume wangu akaniletea jiko la makaa, la bati, jipya kabisa. Makaa yakishashika, moshi huuoni! Nikajiona mtu wa maana. Ila kila mchana jirani yangu, Mama Njeri, alikuja na kigae chake kuomba moto, kama ilivyokuwa desturi yetu, nami kwa uchoyo wa ujana nilichoka kumgawia makaa yangu.

Siku hiyo baridi ilikuwa kali. Nikaliingiza jiko ndani, nikabandika githeri, nikafunga komeo na kuziba dirisha kwa gunia. Moto usio na moshi utamdhuru nani? Na Mama Njeri agonge mpaka achoke.

Kichwa kikaanza kuniuma, kisha maumivu yakaisha, nikajisikia vizuri mno. Kamau, aliyekuwa akilia mapajani mwangu, akanyamaza. Hata sufuria sikuisikia tena. Nilipoinua macho, mama yangu alikuwa ameketi ng'ambo ya jiko, anaota moto. Tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Sikuogopa, mwanangu, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

"Nipe mtoto nikushikie," akasema, "umechoka."

Nikamwinua Kamau nimpe.

Mlango ukatikisika. "Mama Kamau! Fungua, nataka moto!" Sikuweza kujibu. "Najua uko ndani, githeri inaungua!"

Akalivunja komeo kwa bega. Nilichohisi ni baridi usoni, kisha sauti yake: "Ngai! Mtoto amelegea!" Akamkimbiza uani, akampepea, akamwita jina mara nyingi mno, hadi Kamau akalia. Sijasikia tena kilio kitamu kama hicho.

Baadaye Mama Njeri aliniapia kwamba hakumkuta mikononi mwangu. Alimkuta amelazwa vizuri ng'ambo ya jiko.

Sikiliza basi. Makaa yawashie nje, na ukiyaingiza ndani, acha mlango wazi, hata baridi iwe vipi. Usiuamini moto kwa sababu haukuumi macho. Na usimfungie mtu mlango kwa ajili ya kaa moja. Nilimfungia yule mama kwa roho mbaya, naye akanirudishia mtoto. Niliona haya kumtazama kwa miaka.

Mungu akutunze, mwanangu, wewe na watakaolala chini ya paa lako. Na akupe jirani msumbufu, asiyeondoka mlangoni pako usipoitika.