Kukaribisha Wakwe Joshoni

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu Dodoma aligeuka mfanyabiashara, na mwanangu hakutaka kuachwa nyuma. Aliacha kazi ya ofisini, akaanza kununua mahindi Kibaigwa na kuyapeleka Dar es Salaam. Sikumlaumu. Mahindi ni kitu, unakiona, unakila. Nilichomlaumu ni kile alichorudi nacho siku moja juu ya lori: beseni la plastiki ngumu, la bluu, ambalo ng'ombe wawili wangelala ndani bila kugombana. Wazungu fulani walikuwa wanarudi kwao na wanauza vyombo vya nyumbani. Wenye akili walinunua majokofu. Mwanangu akanunua hilo.

"Mama, hii inaitwa jakuzi," aliniambia. "Mnakaa ndani watu wengi, maji ya moto yanachemka povu, mnapumzika."

"Mnapumzika na nini?"

"Na uchovu."

"Kwani vitanda vimeisha?"

Akaondoka kwenda kumtafuta fundi. Mimi nikalizunguka lile beseni pale uani nikilitazama. Nimezaliwa upande wa Mpwapwa, baba yangu mtu wa ng'ombe, na kitu cha namna hiyo nilishakiona tangu utoto. Josho. Shimo refu limesakafiwa, limejazwa maji na dawa ya kupe, ng'ombe wanaingia upande huu, wanatokea upande ule wamelowa mpaka masikio. Nikasema, hili ni josho. Mke wa mwanangu akacheka, kisha naye akaanza kuliita hivyo, na watoto hivyo hivyo, mpaka neno jakuzi likabaki mdomoni mwa mwanangu peke yake.

Mwaka huo mjukuu wangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mchumba. Kijana mpole, naye mwalimu, Mgogo mwenzetu, watu wake wafugaji. Wenyewe walishapendana, kilichobaki ni wazee wa upande wa kijana kuja kwetu kupanga siku ya ndoa. Mjukuu wangu si mtu wa maneno mengi, lakini wiki hiyo alinifuata jikoni.

"Bibi, baba asije akaniharibia. Babu wa mwenzangu ndiye mwenye neno kule kwao, na akikasirika anaondoka moja kwa moja. Harudi."

Baba yake alikuwa ameshaamua kwamba wakwe wakifika watakaa kwenye jakuzi. Wote kwa pamoja.

Nikamwita nikamwambia, mkwe haogi na mkwe. Kwetu mkwe ni mtu wa kupishana naye njiani ukitazama pembeni. Akanijibu kwamba haya ni maendeleo. Neno hilo likishatamkwa, miaka ile, ulikuwa huna tena pa kushika.

"Watavaa kaptula," akaongeza.

"Na mashangazi?"

Akasema ataliangalia.

Kutayarisha josho kwa ajili ya watu wengi si mchezo. Maji ya mtaani kwetu yana chumvi. Sufuria ya chai inaota ukoko mweupe kabla haijazeeka. Kile chuma cha kupashia maji moto nacho kilikuwa kimeota ukoko huo huo, tukakisugua kwa ndimu mpaka mikono ikawasha. Chujio likatolewa, limejaa nywele na mafuta ya kichwani ya wafanyabiashara wenzake waliokuwa wakija kupumzika humo, wale wenye kalikiti, ambao nywele zao zilikuwa zinatiririka mafuta mpaka kwenye kola. Maji mapya yakaja kwa mkokoteni wa punda, dumu baada ya dumu, na siku hiyo sisi binadamu tulinawa uso tu. Likajaa. Mwanangu akaliacha bila mfuniko ili majirani waone, upepo ukavuma, vumbi jekundu likatanda juu kama uji wa ulezi. Tukamwaga, tukaanza upya. Umeme ukakatika. Tukachemsha maji kwenye mapipa, kwa kuni, watu wazima tumetoa machozi kwa moshi, ili wageni wakapumzike.

"Watu wakiwa wengi maji yanachoka upesi," mwanangu alituelekeza. "Kila mtu aoge kwanza pembeni, ajisuuze vizuri. Sabuni ikiingia inaleta povu baya."

"Kuna povu zuri?"

"La mashine, mama."

"Na mtu akishaoga pembeni, anaingia humo kuoga nini?"

Alikuwa anamwaga dawa ya unga ya kusafishia maji, na kwa sababu wageni ni wengi, akamwaga nyingi. Harufu ikafika barabarani.

Wakwe waliteremka kwenye basi asubuhi: mzee mwenyewe, yule babu, na fimbo yake, ndugu zake, mashangazi, na kijana wetu nyuma kabisa. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, chai ikanyweka. Mzee akamuuliza mjukuu wangu kama mwalimu anajua kukamua. Akajibu anajua. Mzee akaridhika, tukaona kabisa kwamba ameridhika. Ndipo mke wa mwanangu, kwa adabu zake zote, akapiga magoti mbele yake.

"Baba, maji yako tayari. Karibuni joshoni."

Mzee akaweka kikombe chini. "Wapi?"

"Joshoni, baba. Dawa imeshawekwa."

Mzee akavuta pumzi, na harufu ile ikamthibitishia. Akawageukia ndugu zake. "Mmesikia? Sisi tumekuja kuoa, wenzetu wanatutafuta kupe."

"Wangesema mapema," shangazi mmoja akadakia, "tungekuja na ndama."

Mzee akachukua fimbo, akasimama, na ndugu zake wakasimama. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni na sinia. Alinitazama mimi.

Mwanangu akawatangulia uani, njia yao ya kutokea, ameshavua viatu. "Mzee, sio josho, ni jakuzi. Ni starehe tu. Ngoja niwaonyeshe." Kabla hatujamshika akavua shati, akavua na suruali, akabaki na kaptula fupi, akatumbukia. Tumbo lote la Kibaigwa likaelea mbele yake.

Kijana mchumba alikuwa amesimama palepale. Akageukia ukuta, akajivutia koti kichwani, kisha akatoka mbio mpaka barabarani. Mashangazi wakajifunika khanga usoni, ingawa mmoja aliacha nafasi ya jicho.

Mzee akasogea, akaegemea fimbo, akamtazama mwanangu ndani ya mvuke.

"Huyu," akaniuliza, "mnamwogesha lini?"

"Kila Jumapili, mkwe."

"Na kupe?"

"Hatujamwona nao tangu anunue hilo josho."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikatoka, ikabidi ndugu zake wamshike. Alipotulia akajifuta macho, akasema kwa sauti ya barazani, "Amemvulia mkwe wake nguo. Hilo lina faini."

"Lina," nikasema. "Mbuzi."

"Mama," mwanangu akaita.

"Nyamaza. Mtu anayeshtakiwa hakai kwenye maji."

Mbuzi akatafutwa, akachinjwa pale pale uani. Kijana aliletwa baada ya kuhakikishiwa kwamba baba mkwe amevaa mpaka soksi. Mwanangu alikuwa amepanga kuwaambia wakwe kwamba ndoa itakuwa mjini, ukumbini, na bendi, na kadi za mwaliko zenye maua. Sasa alikaa kwenye mkeka na taulo shingoni, macho mekundu kwa dawa yake mwenyewe, mbele ya nyama aliyotozwa. Mzee akasema ndoa ni baada ya mavuno, kijijini kwake.

"Ndiyo, mzee," akajibu mwanangu.

Mjukuu wangu alikuwa anatunawisha. Akammwagia mzee maji upesi, akahamia kwa anayefuata, nyama ianze kuliwa, asije mtu akapata nafasi ya kubadilisha siku.