Nyama Isiyobishana na Meno

Harufu ya jani la mpapai likipondwa si harufu ambayo mtu angeihusisha na msiba. Ni harufu ya kijani, chungu kidogo, inayoshika viganja na kukataa sabuni. Mimi nikiisikia, hata kama nimesimama sokoni Korogwe nachagua nyanya, narudi moja kwa moja kwenye ua wetu wa Mkata, mwaka ule baba yangu aliposhindwa kumeza. Wenzangu huwakumbuka wazazi wao kwa nyimbo, au kwa picha iliyoning'inia ukutani. Mimi namkumbuka wangu kwa mbavu za nguruwe, na sioni haya kusema hivyo.

Asili yetu ni Dindira, kule milimani kwenye chai na ukungu. Baba aliteremka Mkata kabla sijazaliwa, akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, akalipenda joto la kule na kelele za mabasi, akawa hapandi tena mlima ila kwa harusi na misiba. Kitu kimoja tu cha milimani kilimshinda kukiacha. Mdogo wake, baba mdogo Yona, alifuga nguruwe Dindira, na kila alipochinja alitupakilia mbavu kwenye ndoo yenye mfuniko, akazikoleza chumvi, akashuka nazo hadi Korogwe na kupanda basi la kuja kwetu. Akiulizwa njiani amebeba nini, alijibu kwa uso mkavu kwamba ni dawa ya mifugo. Siku ya ndoo, baba alifunga kibanda mapema. Alikuwa mtu wa mifupa. Aliushika ubavu kwa mikono miwili, akauvuta kwa meno mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akauvunja mfupa wenyewe na kuufyonza kwa mlio ulionifanya nicheke hadi nipaliwe. Ikitokea mama amezidisha moto na nyama imelegea, baba aliisukuma sahani. "Mama Agnesi, hii umempikia kibogoyo? Nyama isiyobishana na meno si nyama, ni uji."

Lakini kupika nguruwe Mkata kulikuwa na adabu yake. Majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, Wazigua waliozaliwa hapo hapo, na ua wa miti uliotutenganisha na Bi Zaina ulikuwa mfupi kiasi cha watu kupitishiana kaa la moto juu yake. Mama alikuwa na sufuria moja ya nguruwe, yenye kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mpini wake, na sufuria hiyo haikuingia jikoni kamwe. Ilikaa kwenye banda la kuni pamoja na kisu chake na wavu wake wa kuchomea. Ndiyo maana Bi Zaina alikula wali wetu wa Krismasi bila wasiwasi, na sisi tukafuturu kwake mwezi wa Ramadhani kama watoto wa nyumba ile. Zaidi ya sufuria kulikuwa na suala la upepo. Kabla ya kuwasha moto mama alichota majivu kidogo, akayarusha juu, akayatazama yanakoelekea. Yakielekea barabarani, tulipika. Yakielekea kwa Bi Zaina, mbavu zilisubiri, hata kama baba alikuwa anazunguka uani akimeza mate. Bi Zaina aliyajua yote haya. Kesho yake alichungulia juu ya ua na kusema, "Naona jana upepo uliwakubalia," na mama akacheka huku akijifunika uso kwa kanga.

Ugonjwa ulianza kwa mzaha. Baba alianza kuusukumia ugali kwa maji, akidai mama anausonga mgumu kama matairi ya kibandani kwake. Baadaye akawa anakula amesimama, akijinyoosha shingo. Kisha sauti ikakwaruza, mwili ukapungua, na suruali ikawa inashikwa na kamba. Walipompeleka hospitali Korogwe, na kutoka hapo kwenye hospitali kubwa zaidi, uvimbe ulikuwa umeshajijenga kooni. Mama hakuniambia walichozungumza na daktari. Nilimsikia akimwambia Bi Zaina pale kwenye ua, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wamesema ale. Akila atapata nguvu ya kuhimili dawa. Asipokula, basi." Tangu hapo nilianza kumtazama baba kooni kila alipokula. Kila tonge lililopita lilikuwa siku ya nyongeza kwetu, na kila lililorudi lilinikosesha hamu ya chakula changu mwenyewe. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, na mama alimpikia bila kumwuliza, wa mtama, wa karanga, wa maziwa. Baba aliugeuzia uji mgongo. Alitaka mbavu.

Baba mdogo Yona akaleta ndoo. Mama akazichoma kama zamani, zikakauka nje, zikang'aa asali ya Handeni na ndimu. Baba aliuma, akatafuna kwa muda mrefu sana, macho yakamjaa maji, kisha akageuka pembeni na kutema kwenye leso. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniambia, "Mwanangu, leo sina njaa." Nilikuwa nimeshafikia umri wa kujua uongo wa namna hiyo. Nilikwenda nyuma ya banda la kuni nikalia nikiwa nimejiziba mdomo.

Mama alijua dawa ya nyama ngumu, kama ajuavyo kila mwanamke aliyelelewa kwenye nyama ya ng'ombe mzee. Ni mpapai. Tatizo ni kwamba mpapai pekee wa karibu ulikuwa uani kwa Bi Zaina, na kumwomba Mwislamu jani la kulainishia nguruwe, mama aliona ni kumvunjia mtu heshima mlangoni kwake. Nilisimama naye pale kwenye ua akijizungushazungusha. "Shikamoo, Bi Zaina. Naomba majani ya mpapai." "Marahaba, mwanangu. Ya nini?" Mama angeweza kusema ni ya homa, na wala asingeulizwa zaidi. Akasema, "Ya nyama ya baba Agnesi." Bi Zaina aliingia ndani, akatoka na panga, akarudi na majani pamoja na papai bichi linalochuruzika utomvu. "Majani peke yake hayatoshi," alisema. "Paka na hili. Ila usiiache muda mrefu, papai halina huruma." Jioni ile baba alimeza vipande viwili vitatu, kwa shida, ameshika meza. Tulivisherehekea moyoni kama mvua.

Kosa lilitokea ndoo iliyofuata. Asubuhi mama alizipaka mbavu chumvi, tangawizi na papai, akaziacha kwenye sufuria yenye kitambaa chekundu ili azisuuze baada ya muda mfupi. Kabla ya kuzirudia, baba alipaliwa na chai. Alipaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi, wanaume wakaja mbio kutoka kituo cha mabasi, wakambeba kwenda zahanati, na mama akaondoka nao peku. Mimi nilikaa kwa Bi Zaina. Jua la Mkata lilipopanda, Bi Zaina alisimama akiitazama sufuria yetu kule uani, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alipita kwetu, akachukua mti mrefu, akaisukuma sufuria taratibu mpaka kivulini, akaifunika kwa gunia lililolowa maji akilitupia kwa mbali. "Sikuigusa," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemwuliza. "Ila siwezi kuacha chakula cha mgonjwa kiungue na jua."

Walirudi alasiri, baba akiwa hai, amechoka kiasi cha kutoweza kujibu salamu. Mama alifunua sufuria. Papai lilikuwa limekula siku nzima. Ukiugusa ubavu, mfupa ulitoka mkupuo mmoja ukiwa mweupe, na nyama ikabaki kama ugali mbichi. Nyama hiyo usingeweza kuichoma, hata wavu usingeishika. Mama alikaa chini kwenye vumbi na kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekibana tangu Korogwe. Kisha akajifuta, akasema tutaipika hivyo hivyo, hatuna nyingine. Akachota majivu na kuyarusha. Yalikwenda moja kwa moja kwa Bi Zaina. Mama akabaki amesimama, kiberiti mkononi, jua linazidi kuinama.

"Mama Agnesi," Bi Zaina aliita kutoka upande wa pili, "unangoja upepo wa nini? Mgonjwa hangoji upepo. Pika!" Na akafunga madirisha yake, yote, akaketi nje barazani na ukingo wa mtandio puani.

Mama aliitokosa kwa moto mdogo, na makaa mengine juu ya mfuniko, mpaka ikawa laini kupita uji. Baba alipewa kwa kijiko. Alimeza. Tukangoja irudi, haikurudi. Akameza tena, akamaliza bakuli, na mimi nikaruka uani nikipiga makofi, nikidhani amepona. Baba alinitazama nikiruka. Kisha yeye, aliyekuwa akizisukuma sahani za nyama iliyolegea, akamgeukia mama na kusema polepole, "Imelainika." Mama aliitikia "Ndiyo," akachukua bakuli akatoka nalo upesi. Sikuelewa kwa nini hakufurahi pamoja nami.

Nilielewa baadaye. Toka siku ile mama aliiharibu nyama kwa makusudi, na kila wiki ilibidi aiharibu zaidi, kwa sababu tundu la koo lake lilizidi kuziba. Baada ya nyama ukaja mchuzi. Baada ya mchuzi, pamba iliyochovywa kwenye mchuzi. La kuvunda halina ubani. Mahindi ya mwaka ule hayajakauka, tulimpandisha baba Dindira kwa mara ya mwisho, na Bi Zaina alipanda nasi, akitetemeka kwa baridi ya milimani ndani ya kanga mbili, akakaa na mama mkekani mpaka matanga yakaisha.

Leo ninaishi Korogwe mjini. Unga wa kulainishia nyama unauzwa dukani kwenye vipakiti, nina sufuria ya presha inayopiga filimbi, na nguruwe analiwa hadharani kwenye mabaa bila mtu kurusha majivu. Bi Zaina ametutangulia, na mpapai wake ulikwisha anguka. Mimi bado napika mbavu kwa papai bichi, kwa moto mdogo, na wageni wanazipenda. Zinaachia mfupa zenyewe, wanasema, siri yako ni nini, dada Agnesi? Nawaambia papai, na kuwakaribisha waongeze. Wanachokisifia ni kile kile kilichonionyesha baba anaondoka, lakini hilo haliwezi kusemwa mezani mbele ya watu wanaofurahi.

Ila kila ninapopika, ubavu mmoja siupaki papai. Nauchoma mkavu, nauweka kando mpaka wageni waondoke, kisha nakaa nao uani peke yangu na kuushika kwa mikono miwili. Unanikatalia, nami nauvuta, taya zikiniuma, tunabishana mpaka mmoja wetu akubali. Kisha nameza, bila shida yoyote, na hapo ndipo ninapolia.