Kompyuta Waliyomfungia Hibo

Akili yangu inakataa, jamani. Hibo tulimzika Ijumaa, na leo asubuhi nimefika ofisini nikamwekea chai mezani kama kawaida. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nataka kila mtu wa ofisi yetu hapa Garissa asome, mwenyeji na mgeni.

Wengi mmeandika kwamba alikuwa "mtu wa tabasamu." Hibo gani huyo? Hibo wangu alikuwa mkali, alikuwa na ulimi, na hakupenda kuonewa huruma.

Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kusikiliza sauti za wafugaji zilizorekodiwa vijijini kwa Kisomali na kuziandika kwa Kiswahili. Unasikiliza, unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika. Siku nzima.

Utotoni aliunguzwa na maziwa ya moto. Vidole vya mkono wa kulia vilishikana, kikabaki kidole gumba tu.

Kaka yake aliye Eastleigh, Nairobi, akamtumia mouse kwa basi, ile ya wacheza gemu, kubwa, yenye batani mbili za ziada pembeni, pale gumba linapokaa. Kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linux. Tulipoichomeka, batani hizo zikawa zinafungua tu ukurasa wa nyuma na wa mbele. Mimi ningeachia hapo.

Yeye alikaa nayo. Akagundua kwamba kompyuta inaipa kila batani namba, hata gurudumu la katikati lina namba zake, na kwamba namba hizo zinabadilishika. Batani moja ya gumba akaifanya ndiyo ya ku-click. Ya pili ikawa ya kusimamisha sauti. Gurudumu, akilisukuma kwa kiganja, likawa linarudisha sauti nyuma. Mkono wa kushoto ukabaki kwenye keyboard ukiandika.

Stima ikipotea, settings zote zilifutika. Alinuna, akasoma, akajaribu tena, mpaka akaziandika kwenye faili ambayo kompyuta huisoma kila inapowashwa.

Siku ilipokubali alinivuta mtandio. "Abaayo, dada yangu, njoo uone. Huu mkono umeajiriwa leo."

Wallahi alitupita sote. Mimi mwenye vidole kumi nilikuwa nyuma yake kila wiki.

Kisha akaja meneja mpya. Akaamua kompyuta zote zifanane, zikafutwa na settings zikafungwa kwa password. Hakuna aliyemuuliza Hibo. Alifika asubuhi, akaweka gumba lake pale. Hakuna kilichotokea.

Alienda kwa meneja, nami nilikuwepo. Alimweleza taratibu, akamwonyesha mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote pale. Alisema anachohitaji ni mistari michache tu ya maandishi irudishwe kwenye mashine moja.

Meneja alimjibu: "Hatuwezi kupanga ofisi kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja."

Basi akawa kila mara anatoa mkono wa kushoto kwenye keyboard ili asimamishe sauti, halafu anaurudisha. Kazi ikapungua. Walipoona imepungua, wakasema hapo ofisini hafai tena, aende field akarekodi.

Wakamtuma Balambala msimu wa mvua, kwa bodaboda, na gari la ofisi limeegeshwa kivulini. Nilisema asubiri mvua ipite. Akaniambia akikataa na hilo watasema ni mvivu.

Mwenye bodaboda alikuja matangani, akasimulia huku analia. Maji ya laga, ule mto wa msimu wa mvua, yaliwakuta katikati. Yeye alishika mti, akamnyooshea Hibo mkono. Mkono uliokuwa upande wake ulikuwa ule wa kulia. Ukateleza.

Mwenye bodaboda huyo simlaumu. Mungu amponye.

Meneja naye alikuja, na wageni wake wa ofisi. Akasema ni mipango ya Mungu. Mama yake Hibo, Hooyo Habiba, aliinua macho, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole ili asikosee: "Kadari ya Allah mimi nakubali. Lakini kwa mvua, nani alituma mtoto yangu? Ni wewe."

Wageni waliangalia viatu vyao.

Sasa sikieni hili. Wiki hii settings zimefunguliwa ofisi nzima. Kwa nini? Kuna bosi aliyetaka kuweka picha ya watoto wake kwenye skrini. Ilichukua muda wa kunywa chai.

Jana niliombwa niandike maneno mazuri juu ya Hibo, yawekwe kwenye ukurasa wa ofisi pamoja na picha yake. Nimekataa. Maneno yangu ndiyo haya, na yako hapa kwenye ukurasa wangu mwenyewe, ambapo hakuna mwenye password ya kuyafuta.

Jumatatu naenda na Hooyo Habiba kwa wakubwa wa huyo meneja. Nitaeleza kila kitu, na nitaichukua ile mouse niichomeke mbele yao, niwaonyeshe alichokuwa anaomba.

Hibo, dada yangu, ulipigania click moja tu na wakakunyima. Allah akupanulie kaburi lako, alitie nuru, akupe mkono mzima huko uliko.

Lala, abaayo. Kelele niachie mimi.