Siku Baba Alipowapigia Makofi Watani

Jumamosi, mwezi wa tatu. Usiku kulinyesha, asubuhi likawaka jua la kuunguza, mchana mawingu yakarudi lakini hayakuleta kitu. Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndiyo habari pekee ya leo ambayo nina hakika nayo. Mengine niliyaona kwa macho yangu, ila nilikaa viti vya nyuma, na mie si mtaalamu wa mpira. Niliishia darasa la saba, kazi yangu ni cherehani hapa barazani Kipawa. Nikikosea pahala, anayejua anisamehe.

Leo ilikuwa mechi ya watani wa jadi. Timu sizitaji. Mji huu ukitaja timu umeshagombana na nusu ya watu, na wateja wangu wanatoka pande zote mbili. Itoshe kusema baba aliichezea mojawapo miaka mingi, beki wa kati, na sifa yake ilikuwa kichwa. Wenzake walikuwa na miguu, yeye alikuwa na kichwa. Kona zote, krosi zote, mipira yote mirefu ya golikipa wa upande wa pili, kichwa. Na zamani mpira ulikuwa wa ngozi, mvua ikinyesha unakunywa maji mpaka unakuwa mzito kama dafu. Watu walikitungia nyimbo hicho kichwa. Sasa ndicho kinachomwangusha.

Nisiwe mwongo, daktari hakusema ni mpira. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, na nilipomuuliza kuhusu vichwa alivyopiga akanijibu kwamba kwa wachezaji jambo hilo linasemwa sana, ila kwa mzee huyu mmoja hawezi kuapa. Nilimheshimu kwa hilo. Halafu yupo mzee mtaa wa pili ambaye hajawahi kugusa mpira maishani, naye anapotea akienda msikitini. Kwa hiyo sijui.

Ninachojua ni kwamba baba yangu ananiamkia. Asubuhi natoka chumbani, namkuta amekaa sebuleni ameshavaa soksi za mpira, ananiambia, "Shikamoo." Mwanzoni nilishindwa kuitikia. Utamwitikiaje marahaba mtu aliyekuzaa? Nikawa naitanguliza mie shikamoo, haraka haraka, kabla hajafungua mdomo, lakini baba alikuwa beki, huwezi kumuwahi. Na nisipomwitikia anahuzunika, anadhani amenikosea adabu. Sasa naitikia. Namwambia marahaba, hujambo, ananijibu hajambo, tunakunywa chai.

Mengine ni ya kawaida. Kandambili za nyumba nzima anazipanga mlangoni nne kwa mstari, akikuta moja imetoka mbele anaifokea irudi. Nikiwa jikoni na sufuria ya moto, mtu akipita nyuma yangu, baba anapiga kelele, "Mtu! Mtu nyuma!" Niseme ukweli, hilo limeniokoa nisiungue zaidi ya mara moja.

Tatizo langu halikuwa baba. Lilikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Madale na hakuamini. Alikuwa anampigia baba simu kila Jumapili, na baba anamsimulia mechi moja ya mvua tangu dakika ya kwanza. Wakimaliza, kaka anataka kuongea na mie.

"Unaona? Mzee anakumbuka mpaka refa alivaa nini. Wewe na daktari wako."

Na kweli alikuwa anakumbuka. Ila simu ikishakatwa baba ananiuliza yule kijana ni nani, maana anaonekana ni mpenzi mzuri wa timu.

Nilitaka kaka aamini, basi. Akiamini, angeweza kukaa naye hata wiki mbili tatu, mie nikapumzika. Na zaidi ya hapo, angeacha kumpeleka mbele za watu. Niliogopa siku baba atakapofanywa kituko na watu wale wale waliomwimbia.

Leo sasa mwenyekiti wa tawi la mashabiki la Gongo la Mboto alimwalika baba aongee na wanachama kabla ya mechi. Kaka akaja na gari kumchukua.

"Braza, asiende," nikamwambia. "Au aende, akae tu, asiongee."

"Asiongee vipi? Mzee ndiye mgeni rasmi."

"Juzi alitaka kuoga na viatu."

"Mie mwenyewe nikichokaga naoga na soksi."

Baba akatoka chumbani amependeza, akamtazama kaka kwa adabu, akasema, "Shikamoo."

Kaka akacheka. "Mzee kwa utani, hamumwezi." Hakuitikia. Nikapanda gari na mie, na taulo dogo na suruali ya akiba kwenye mkoba.

Tawi ni banda la bati lenye viti vya plastiki, runinga kubwa na mzee wa kahawa mlangoni. Watu walijaa. Walimvika baba skafu ya timu, wakampa kipaza sauti, na mie nikaanza kuomba Mungu kimya kimya. Maombi yangu hayakuhitajika. Baba aliongea vizuri kuliko mwenyekiti.

"Mvua hiyo. Mpira ukaja wa juu, nikaruka, nikagongana na yule mshambuliaji wao kichwa kwa kichwa. Kuamka, sijui niko wapi. Mtu wa huduma ya kwanza ananimwagia maji, ananiuliza, 'Unaona vidole vingapi?' Nikamwambia, 'Vinatosha.' Nikarudi uwanjani."

Banda likalipuka. Mtu akauliza kwa sauti, "Mechi ikaishaje, mzee?"

"Sijui. Nilihadithiwa."

Walicheka mpaka viti vikalia. Alipomaliza, akavuta pumzi akaanza tena, mvua hiyo, mpira ukaja wa juu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, walikuwa wanashangilia kuliko mara ya kwanza. Kwa haki, pale tawini kila mzee ana hadithi yake moja na anaisimulia kila akija, kwa hiyo baba hakutofautiana na yeyote. Kaka akageuka akaniinulia nyusi. Nikajiuliza kama si mie ninayeumwa.

Mechi ikaanza. Kipindi cha kwanza hapakuwa na kitu. Kipindi cha pili watani wakapata kona, mpira ukaja juu, mtu wao mmoja akawapanda mabeki wetu, akaupiga kichwa, ukaingia.

Banda zima likanyamaza. Baba akasimama, akapiga makofi.

"Kichwa hicho! Mmeona alivyotoka? Kichwa hasa."

Mtu wa mbele akageuka. "Mzee, hao ni wao."

"Ndiyo," baba akasema, bado anapiga makofi. "Wanajua."

Mwanzo watu walicheka, wakidhani ni utani. Makofi yalipoendelea, hawakucheka tena.

"Huyu mzee vipi?"

"Ndio maana ile fainali aliyocheza yeye tulipigwa. Mie nilisemaga."

"Ulisema nini?"

"Kwamba yule mfungaji wao alimwachia makusudi. Kumbe mwenzetu ni wa kule siku zote."

"Aliuza mechi, huyu."

Mwenyekiti akasema, "Jamani, heshima kwa mzee," halafu akamwendea baba, akamweka skafu sawa shingoni, halafu akaivua. Labda aliona anasikia joto. Siwezi kujua moyo wa mtu. Lakini aliikunja akaishika mwenyewe, na baba akawa anaitazama ile skafu kama mtu anayejaribu kukumbuka kama ni yake.

Kaka akasimama. Kaka yangu ni mtu mkubwa, kiti kilisimama naye.

"Baba yangu hajauza mechi yoyote."

"Basi anawashangilia nini?"

"Anaumwa."

"Anaumwa nini, mbona kaongea vizuri sasa hivi?"

Maneno yale yale ya kaka ya kila Jumapili, kama wamefundishana. Kaka akakivuta kiti kikamtoka.

"Kaongea vizuri, ndiyo. Hiyo hadithi ndiyo aliyobaki nayo. Kichwa kimechoka, daktari kasema. Anasahau timu, anasahau nyumba, mie mwanawe wa kwanza hapa hanijui. Ananiamkia shikamoo."

Sentensi hiyo niliisubiri miaka miwili. Niliiomba kwa simu, kwa ujumbe, kwa kulia, nikaikosa. Nimeipata leo kwa sababu bila hiyo lililobaki kuaminiwa lilikuwa kwamba baba yetu ni shabiki wa upande wa pili, na hilo familia yetu isingeweza kulibeba.

Kisha mzee mmoja, kwa upole kabisa, akasema, "Kuwasahau watoto naelewa. Lakini timu?"

Mwenyekiti akauliza kama kuna cheti cha daktari, ili kamati isije ikasumbuliwa. Kaka akasema kipo, dada anacho. Ni kile cheti alichokuwa anakiita karatasi ya kutafutia dawa za bure. Yule aliyesema habari za kuuza mechi, na hili naliandika kwa kuwa ni haki yake, alinunua kahawa akamletea baba, akamwambia pole. Baba akamwambia, "Asante. Na wewe ulicheza vizuri."

Mwishoni timu yetu ikasawazisha. Baba akasimama akawapigia makofi na hao, kwa nguvu zile zile. Nadhani mle bandani ni yeye peke yake aliyefurahia mechi yote.

Kwenye gari kaka hakuwasha injini. Baba alikuwa ameshasinzia kiti cha nyuma.

"Amenisahau tangu lini?"

"Haina siku. Ilikuwa inakuja na kuondoka, halafu ikakaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilimtazama. Majibu yalikuwepo, mengi, na mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikishona. Lakini alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa.

"Labda sikusema vizuri," nikamwambia. Inawezekana ni kweli. Mie kueleza mambo sijui sana.

Tukapita Pugu Road. Karibu na nyumbani akasema, "Wiki ijayo aje Madale. Tukae naye kwa zamu."

"Atakupangia viatu mlangoni."

"Avipange."

Giza lilikuwa limeshaingia. Nilipoingiza sufuria sebuleni, baba akapaza sauti, "Mtu nyuma!" na kaka, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma, akasimama pale pale kama amepigiwa filimbi. Akanawa, akakaa mkekani. Baba akamtazama kwa muda, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo."

Kaka akanitazama mie. Nikajifanya natafuta chumvi.

"Marahaba," kaka akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

Tulikula ugali na dagaa wa kukaanga na nyanya, na kisamvu cha nazi kilichobaki cha jana. Baba alimsogezea kaka bakuli la mboga, akamwambia ale, mgeni asione haya.