Nilimjengea mama tanuri la mkate uani Same ili asirudi Bombo peke yake

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Same upepo unagonga mabati kama kawaida yake.

Nina kisa cha uani kwangu. Sitatia chumvi, maana hata mama amekatazwa chumvi na daktari.

Mama yangu ni mtu wa Bombo, kule juu milimani. Baba alipofariki akabaki peke yake, mguu ukamgomea, nikamshusha nikae naye hapa mjini.

Hakupazoea. Joto, vumbi, na hamjui mtu. Kila jioni swali ni lile lile: "Mwanangu, unanirudisha lini?"

Nilikuwa naogopa wakuu. Nyumba yake iko kwenye mteremko. Akianguka pale, hadi mtu apite njia ndipo aonekane.

Sasa, kule Bombo alijulikana kwa mkate. Anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, halafu anagawia majirani. Nikawaza nimjengee tanuri la kuni la matofali, huenda akatulia.

Nikashinda YouTube, nikachora design nyuma ya kalenda. Mama akachungulia. "Mlango mpana hivyo wa nini, unaoka ng'ombe?" Tukaupunguza. Nikajua moyo umeanza kuingia.

Mimi na fundi tukarundika mchanga mbichi, tukapanga matofali ya kuchoma juu yake, ili baadaye tuutoe mchanga libaki kuba. Kwenye kuyaunganisha ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa na mifuko ya unga wa jasi, ulibaki nilipopiga dari. Fundi akasita. "Bosi, hii si ya dari?"

Nikamjibu, "Hili ni jiwe, linachimbwa Makanya juani. Limevumilia jua lote lile, litaogopa kuni?"

Najua mtaanza utani wa ubahili wa Wapare. Anzeni tu, leo sina utetezi. Rahisi ghali.

Tukautoa mchanga, tanuri likatoka jeupe, zuri kweli. Mama akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya tangu ashuke: aliwaalika akina mama wa jumuiya ya kanisani waje Jumamosi wale mkate. Nilifurahi sana.

Jumamosi asubuhi nikawasha moto. Ulipokolea, jasi ikaanza kudondoka unga unga. Kuba likakaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kiti.

Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akasema, "Basi. Wakija waambie naumwa. Wiki ijayo unipeleke Bombo." Akaingia ndani.

Nililia wakuu. Mwanaume mzima, masizi hadi kwenye nyusi.

Akina mama wakafika kabla sijanawa. Kiongozi wao, Mama Elibariki, akatazama kile kifusi cheupe. "Hee, baba! Umeitia moto dari?"

Kisha akaenda dirishani. "Shikamoo mama! Toka utusimamie, leo ni msaragambo."

Kwa wasiojua, msaragambo kwetu Upareni ni kazi ya wote. Mfereji, barabara, darasa la shule, watu wanatoka na majembe bila malipo. Wa tanuri la mkate sijawahi kuusikia.

Wakajifunga khanga. Ukaletwa udongo wa kichuguu, ule ule wa majiko ya kwetu yote, wakaukanda kwa miguu pamoja na mchanga, matofali yakaanza kupangwa upya.

Mama akatoka na kiti chake. Baadaye kidogo nasikia, "Hilo tofali limelala! Linyanyue!"

Unga ulikuwa umeshaumuka, kwa hiyo mkate ukaokwa kwenye sufuria kama kule juu. Tukala na matope yetu miguuni.

Tanuri tuliliacha likauke vizuri, safari hii tukaanza na moto mdogo mdogo. Limesimama hadi leo. Kila Jumamosi akina mama wanakuja na unga wao, na mama ndiye anayepanga nani aanze.

Funzo: jasi ibaki darini. Na kingine, mimi nilidhani mama amekosa pa kuokea. Kumbe alikosa wa kuwagawia.

Juzi nikapata gari linalopanda Bombo. Nikamuuliza kama twende, maana siku ile alisema nimpeleke.

Akanitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nitaondokaje na tanuri halijapoa?"

Haya, mliowahi kumshusha mzazi mjini, nanyi mlifanyaje akapazoea? Andikeni, nitasoma nikirudi. Naitwa nikapasue kuni.