Misa ya Marehemu wa Kwenye Runinga

Mtaa mzima ulijua kwamba mama mkwe wangu anamsomeshea misa mtu wa kwenye tamthilia.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka.

Naitwa Edmilson, nauza nyama hapa Caruaru, Brazili. Tamthilia yenyewe tuliifuatilia wote. Shujaa wake, Amâncio, kachukuliwa na mto, mkewe anamngoja. Kila mtu alijua: kipindi cha mwisho, jamaa anarudi.

Hakurudi. Mkewe akafunga mlango, akazima taa. Basi, imeisha.

"Wametuibia hawa!" jirani yetu Socorro alipiga kelele dirishani. "Mwisho gani huu?"

 Mama mkwe, Dona Zulmira, aliinuka akafunika sahani ya kuskusi, kama kila jioni. Sahani ya kumngojea Genival, mwanawe, shemeji yangu, aliyekwenda kuchimba dhahabu msituni miaka mingi iliyopita. Hakuna barua, hakuna maiti. Ukitamka "marehemu Genival" mbele ya mama, unarushiwa kiatu.

Asubuhi akaniambia, "Nipeleke kanisani. Nataka kuandikisha misa ya siku ya saba ya kifo."

"Ya nani, mama?"

"Aliyekufa jana. Hukuona?"

"Mama, Amâncio ni mwigizaji! Saa hizi yuko ufukweni anakunywa bia."

"Edmilson, wewe kata nyama. Wafu niachie mimi."

Mke wangu, Lindinalva, akaguna. "Mpeleke. Tukichekwa, tumechekwa."

Socorro alishatangaza sokoni. Siku ya saba kanisa lilijaa watu waliokuja kucheka. Nilikaa nyuma kabisa, kofia mapajani.

Padri akaanza kusoma majina ya marehemu. Watu wakakohoa kuzuia kicheko.

"...na Genival Ferreira."

Kikohozi kikakatika.

Lindinalva alinishika mkono. Nadhani nilipaswa kulia. Sikuhisi kitu. Nilitazama feni ya ukutani ikigeuka huku na huku.

Nje nikamuuliza, "Mama, si ulisema Amâncio?"

"Wewe ndiye uliyesema Amâncio." Alifunga mtandio wake. "Yule mwanamke alifunga mlango na hakufa. Nikasema, kumbe unafungika."

Jioni akapakua sahani ile ile. Hakuifunika. Akanisukumia mimi.

"Kula. Inapoa."

Nikala. Haikuwa na ladha yoyote. Nikaimaliza.

Mtaani bado wanautukana mwisho wa ile tamthilia.  Mwisho mbaya hauui mtu, ndugu zangu. Kinachoua ni kungoja kipindi ambacho hakipo.